Chupa Mbili za Mzee Mbugua

Mwezi uliopita tulimzika Musyoka, tuliyesoma naye shule ya jioni, na tangazo la gazetini lilisema ametutoka "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Nililisoma mara nne nikiwa nimesimama kwa muuza magazeti, mpaka akaniuliza kama nataka kulikariri au kulinunua. Muda mfupi! Miaka mitatu Musyoka alikuwa akilalamika mgongo. Alibandika plasta, akanunua godoro gumu, akabadilisha kiti cha ofisini, akatafuna kila mzizi unaouzwa kati ya Machakos na Nairobi, na walipokuja kumpiga picha ya mifupa ikaonekana kwamba kansa ya tezi dume ilikuwa imeshahamia uti wa mgongo na kujenga huko. Kwenye matanga tulikaa wanaume kumi na watano tuliosoma naye, vitambi vimetutangulia, tukinywa chai, na hakuna aliyetaja jina la ugonjwa. Mmoja alisema "ile shida ya wazee". Mwingine akasema "mambo ya chini". Mwalimu wetu wa hesabu wa zamani, mtu asiyeogopa aljebra yoyote duniani, akasema "presha". Nikasimama nikasema tezi dume, kwa sauti, kikombe mkononi, na wote wakatazama viatu vyao kana kwamba nimevua suruali. Sikuketi. Nikawaambia nitawasimulia habari ya mwaka mmoja wa ujana wangu, na asiyetaka kusikia aende akapange foleni ya githeri. Hakuna aliyeondoka, labda kwa sababu githeri ilikuwa haijaiva. Haya ndiyo niliyowaambia. Chumvi nimeipunguza kadiri ninavyoweza, ingawa wanaonijua watasema bado imezidi.

Mwaka wenyewe ni 2006. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, tarishi wa kampuni ya mawakili katikati ya jiji, na jioni nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha nne kwenye darasa lililokuwa juu ya duka la mabati, watu wazima arobaini tukisongamana kwenye madawati ya watoto. Nilipanga chumba Uthiru kwenye ploti ya Mzee Mbugua: vyumba kumi vya mawe vilivyotazamana, kamba za nguo katikati, na mwisho kabisa zizi la ng'ombe wawili ambao mzee aliwapenda kuliko wapangaji wote kwa jumla. Yeye na mkewe, Mama Gitau, walikaa nyumba kubwa ya mbele. Sebule yao ilikuwa na vitambaa vya kufuma kila mahali, kwenye viti, kwenye redio, juu ya televisheni, na naamini kama ungekaa pale robo saa bila kutikisika, Mama Gitau angekufunika na wewe. Mzee alikuwa na miaka sabini na miwili, mrefu, kofia haitoki kichwani, na alikuwa amegombana na kila mtu kuanzia hapo hadi Waiyaki Way kuhusu mipaka ya mashamba. Wapimaji wa ardhi walimwogopa. Nasikia kuna mmoja aliyeacha kazi.

Jumapili moja mchana aliniita zizini. Nilidhani ni habari ya redio yangu, ambayo kelele zake zilimkera kila usiku. Alikuwa amesimama kati ya ng'ombe wake, akitazama upande ule mwingine.

"Wewe Mkamba," akasema, "kazi yako ni kubeba barua za watu, si ndio?"

"Ndio, mzee."

"Na unaweza kubeba bila kufungua mdomo?"

Nikasema naweza. Huo ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliosema mwaka huo, lakini aliukubali. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa ikawa ndogo kama tikiti ya bahati nasibu. Kanisa lao lilikuwa limeleta madaktari siku moja, watu wakapimwa presha na sukari bure, na wanaume wazee wakatolewa damu ya kipimo kinachoitwa PSA. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Ilisema kumi na tisa, na pembeni palichapishwa kwamba haifai kupita nne, na chini mtu ameandika kwa kalamu amwone daktari wa njia ya mkojo haraka. Haraka ile ilikuwa na miezi mitatu.

"Usiku naenda choo mara sita," mzee akamwambia ng'ombe, si mimi. "Nikifika, nasimama tu kama mtu anangoja basi ya Kisumu. Halafu inakuja matone mawili."

"Mzee, si uwaambie vijana wako? Gitau ana gari."

Hapo akanigeukia. "Niko na vijana watatu, wote wamesoma mpaka shule ikawaambia waende nyumbani. Lakini mtoto hawezi kujua vile baba yake anakojoa. Haiwezekani, hata dunia ikipinduka. Wewe si mtoto wangu. Wewe ni mpangaji."

Ndivyo nilivyopata kazi ile, kwa sababu sikuwa mtu wake. Watu wengi wamewahi kuchaguliwa kwa kuwa karibu, mimi nilichaguliwa kwa kuwa mbali, na sijaona aibu nayo hata leo.

Daktari alikuwa na kliniki karibu na Adams Arcade, juu ya duka la vioo, chumba cha kungojea chenye viti vya plastiki na picha ya maporomoko ya maji ambayo, kwa wanaume wenye shida ile, niliiona kama ukatili. Alikuwa kijana, mpole, ndevu bado zinajaribu. Mzee alipoingia alikuwa wima kama mlingoti. Alipotoka dakika kumi baadaye alikuwa ameivaa kofia nyuma mbele.

"Usiniulize," akasema.

Sikumuuliza. Tulikunywa chai na mandazi hoteli ya jirani, na kwenye andazi la tatu ndipo alipofungua kinywa. "Kidole. Mtu wa rika ya mjukuu wangu. Na ananiambia nivute pumzi! Anasema upande moja ni laini na huu mwingine ni mgumu kama kokoto." Akatafuna. "Kokoto imeingia aje huko, wewe Mkamba?"

Tuliporudi mara ya pili daktari alitueleza sote wawili, kwa sababu mzee alisisitiza niketi ndani nisikilize Kiingereza kikitokea. Akachora tezi kwenye karatasi, kitu cha ukubwa wa ndimu kilichokaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo. Akasema damu kupanda si lazima iwe kansa. Tezi ya mzee inaweza kuvimba tu, au kuwa na maambukizo. "Damu inaniambia kuna kitu," akasema. "Picha itanionyesha kiko wapi. Lakini ni kipande cha nyama tu kitakachoniambia ni nini. Bila hicho mimi nabahatisha tu, na sitaki kubahatisha na wewe, mzee." Angeingiza kifaa cha skeni nyuma, penye ile ile njia ya kidole, na kwa kutazama picha angepitisha sindano mara kumi na mbili, sita kila upande. Mzee aliuliza kama hakuna njia nyingine. Daktari akasema miaka ijayo huenda zitakuja, kwa sasa ni hii.

Ilifanyika Ijumaa. Nilikaa kwenye korido nikisikia ile bunduki ya sindano ikifyatuka, tak, kama mashine ya kubana karatasi ya ofisini kwetu, na kila ikilia nilibana matako yangu mwenyewe. Kumi na mbili nilizihesabu. Mzee hakulia hata moja. Nesi akatoka na mfuko wa khaki, ndani yake fomu na vichupa viwili vyenye kifuniko, kimoja kimeandikwa kulia na kingine kushoto, vimejaa maji angavu, na ndani vinaelea vipande vyembamba kama nyuzi za kushonea. Kliniki haikuwa na maabara. Ndivyo ilivyokuwa, na pengi ndivyo ilivyo mpaka leo: aliyekatwa ndiye anayebeba. Maabara ilikuwa mjini, kwenye jengo moja lililo chini kidogo ya River Road. Nesi akanikabidhi mfuko akaniambia nisimwage. Aliniambia mimi. Hakumwambia mzee.

Sasa nikiri. Ningeweza kuvipeleka jioni ile ile. Lakini nilikuwa na mtihani wa majaribio wa hesabu saa kumi na moja, na Jumamosi nilikuwa na wa kemia, na nikajisemea nyama haina haraka, Jumatatu nitapita nayo nikienda kazini. Tulikodi teksi kurudi Uthiru, mzee amekaa kwa ubavu mmoja, mfuko katikati yetu. Njiani harufu ikaanza kupanda, ile kali inayochoma pua na kutoa machozi.

"Ni nini inanuka hivi?" mzee akauliza.

Harufu ile niliijua vizuri sana. Mawakili wetu walikuwa na kesi za kugombania maiti, mke wa kwanza na wa pili kila mmoja anataka kuzika kwake, na mimi ndiye niliyekimbiza amri za mahakama mochari. Ningenyamaza tu. Ningesema ni dawa. Lakini mimi na mdomo wangu! "Mzee," nikasema nikicheka, "hiyo ndiyo ile dawa wanawatia maiti. Ukikaa ndani ya hiyo, miaka mia tatu watu watakuja kukuangalia kwa tikiti." Dereva alicheka mpaka akapiga honi bila kukusudia. Mzee hakucheka. Aliusogeza mfuko upande wangu, akageuka dirishani.

Jumatatu asubuhi Mama Gitau alinikabidhi mlangoni ule mfuko niliouacha kwao tangu Ijumaa, vichupa vimefungwa kwenye kitambaa safi kama mtoto wa ubatizo. Hakuniangalia usoni. Nilikwea ghorofa sita, lifti ya jengo lile ikiwa imekufa zamani, nikamkuta dada wa maabara, mfupi, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, mtu ambaye sauti yake ilikuwa imezoea kuamrisha. Akafungua kichupa cha kwanza, akakinusa. Akafungua cha pili. Akavaa miwani akanitazama mimi badala ya vichupa.

"Formalini iko wapi?"

"Si hiyo hapo?"

"Kijana, haya ni maji. Haya ni maji ya kunywa." Akakitikisa kichupa kwenye mwanga, na zile nyuzi hazikuwa nyuzi tena, zilikuwa ukungu. "Nyama ikitoka kwa mwili inaanza kuoza dakika hiyo hiyo. Dawa ndiyo inaisimamisha, inaiambia kaa hivyo hivyo nikuone. Nani amemwaga? Hii si nyama tena, hii ni supu."

Alijaribu, sitamdhulumu. Siku kadhaa baadaye jibu lilitoka: haisomeki, ichukuliwe tena. Nilitembea kutoka kituo cha Uthiru hadi kwenye ploti nikiwa na maneno hayo mfukoni, na sijawahi kubeba bahasha nzito hivyo, hata zile za kufukuza watu kwenye nyumba.

Sebuleni palikuwa na nduma za kuchemsha na chai ya maziwa. Nikasoma jibu. Mama Gitau akainama akaanza kunyoosha kitambaa cha kiti ambacho kilikuwa kimenyooka.

"Ni mimi," mzee akasema. "Nilimwaga."

"Tulimwaga," Mama Gitau akasema. "Mimi nilishika kichungi."

"Kichungi gani?"

"Cha chai. Ili zisianguke. Halafu tukaweka maji ya kuchemsha, nilikuwa nimeyapoza vizuri." Akaongeza, kana kwamba hilo ndilo lingenitia wasiwasi: "Hicho kichungi nilitupa."

"Baba Gitau anatembea," akaendelea, sauti ikipanda. "Anakamua. Anaimba kwaya. Nyama yake ikae kwa dawa ya maiti ndani ya jikoni yangu Jumamosi na Jumapili? Unataka tuseme amekufa nusu?"

"Mimi siko mochari," mzee akasema. "Na sirudi kwa huyo kijana na bunduki yake. Amenikata mara kumi na mbili. Nimekojoa damu siku tatu. Kama kulikuwa na kitu, kilitoka. Kunywa chai."

Kwa wiki tano hakubadilisha neno. Na mimi, badala ya kunyamaza na kufikiri, nilifanya lile ninalolijua, nikazidisha. Nilimwambia asipopimwa Krismasi haitamkuta. Akaniuliza kama nimekuwa malaika. Nilimwambia kuna mzee wa Kabete aliyekataa hivyo hivyo akafa akiwa amesimama. Akaniuliza jina la huyo mzee, ukoo wake na mkewe, kwa kuwa yeye Kabete anaijua nyumba kwa nyumba, na nikashindwa kumtaja. Kila niliposhindwa yeye alipata nguvu zaidi. Asubuhi nikienda kuoga nilimwona ameegemea ukuta wa choo, mkono juu, kofia imeinama, akingoja basi yake ya Kisumu, na nilijua kwamba kokoto ile, kama ilikuwa ndiyo, haikungoja mtu. Na nilijua ni nani aliyeileta dawa ya maiti kwenye teksi ile. Hakuwa daktari wala nesi.

Mwishowe nilimwendea zizini nikamwambia ukweli mtupu, kitu nilichokuwa sijakizoea. "Mzee, mimi nilikosa. Ile nilisema kwa gari ilikuwa mzaha. Mzaha wangu ndio umekuharibia kipimo. Sitakuomba urudi kwa daktari. Nakuomba tu upande ngazi na mimi uone hiyo dawa inafanya kazi gani. Ukiona maiti hata moja huko, nitahama kwa ploti yako."

Akafikiri kwa muda wa kukamua ng'ombe mzima. "Utahama na hiyo redio?"

"Na redio."

Alivaa koti la kanisani. Ghorofa sita tulipanda nusu saa, akipumzika kila kona na kuwalaumu wenye jengo. Dada wa maabara alimkaribisha kwa heshima, akamsogezea stuli. Mzee hakuketi.

"Wapi maiti?"

"Maiti gani, baba?"

"Wa hii dawa."

Dada yule akanitazama, akaelewa habari yote bila kuambiwa, na mpaka leo namwombea mema. Akaingia ndani, akageuza maandishi ya vichupa ukutani ili majina yasionekane, kisha akamwita. Ilikuwa rafu nzima, kuanzia chini mpaka dari, vichupa kwa mamia. Ningesema elfu kumi lakini nimeahidi kupunguza chumvi. "Hii ni ya titi la mama mmoja," akasema. "Aliniletea mwenyewe jana, mtoto mgongoni. Hii ni shingo ya dereva wa lori, yuko njiani anaenda Malaba sasa hivi. Hii ni mwalimu. Hii ni mzee kama wewe, amenisumbua kwa simu asubuhi anataka jibu. Hawa wote, baba, leo wamekunywa chai."

"Wote wanapumua?"

"Wote. Maiti hawapimwi hivi kwa sababu wao hawana haraka."

Mzee alitembea mbele ya rafu ile kutoka mwanzo hadi mwisho, mikono nyuma, kama anayekagua ua wa jirani. Akainama akanusa. Machozi yakamtoka kwa ukali wa ile harufu, akayafuta kwa kofia.

"Kumbe ni maiti wanatumia dawa yetu," akasema. "Hao ndio wezi."

Kwa daktari tulirudi wiki iliyofuata, baada ya vidonge vya kuzuia maambukizo na ile kazi ya kusafisha tumbo ambayo siielezi. Safari hii mzee alitoa masharti. Kwanza, mimi niwe ndani, niketi upande wa kichwa, nishike kofia. Pili, skrini igeuzwe aione. Daktari akasema wagonjwa huwa hawatazami. "Mimi ni shamba au ni mgonjwa?" mzee akauliza. "Unapima, na mwenye shamba ageuziwe mgongo? Hapana." Skrini ikageuzwa. Alilala kwa ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa, na mbele yetu ikatokea picha ya kijivu yenye chenga kama televisheni iliyokosa stesheni. Mimi sikuona kitu. Yeye aliona ramani.

"Mpaka ni wapi?"

"Huu hapa, mzee. Ndio ukingo wa tezi."

"Hapa umepinda."

Daktari akasogea karibu na skrini. "Ndio. Umepinda."

"Na hapa kuna giza ni nini?"

"Hapo ndipo ninapotilia shaka. Nyama mbaya mara nyingi inaonekana nyeusi kuliko majirani wake. Mara nyingi, si kila mara."

"Basi kata hapo. Kwa nini unazunguka zunguka?"

"Nitakata pote, kwa sababu nyingine inajificha na picha haiioni. Na hapo nitaongeza mbili."

Bunduki ikaanza. Mzee alihesabu kwa sauti, kwa Kikuyu, na kila namba ilitoka kwa sauti kubwa kuliko iliyotangulia, mpaka nesi akafunga dirisha la upande wa barabara. Ya kumi na moja alinishika mkono. Mifupa yangu ilipiga kelele. Nadhani kidole hiki kidogo hakijanyooka tangu siku ile. Ya kumi na nne ilipopigwa akasema, "Umemaliza? Mimi bado niko hapa." Kisha akadai vichupa vyake. Alivipakata mwenyewe mapajani mpaka mjini, akapanda navyo ghorofa sita, akasimama mbele ya dada wa maabara mpaka alipoona jina lake likiandikwa kitabuni. Mimi nilikosa somo la kemia na sikulijutia.

Jibu tulilisomea kwenye ngazi, ghorofa ya nne, kwa sababu mzee alikataa kungoja tufike chini. Watu walipita wakitukanyaga miguu. Aliketi kwenye ngazi, nami nikasimama mbele yake, nikasoma neno kwa neno, nikatafsiri, bila mzaha. Vipande vitano kati ya kumi na vinne vilikuwa na kansa, vyote upande wa kulia, penye lile giza na kando yake. Alama yake ya ukali, tatu kujumlisha nne, ni saba.

"Saba kwa ngapi?"

"Kwa kumi, mzee. Lakini hapa kubwa ndiyo mbaya."

"Shuleni sikuwahi kufika saba." Akavua kofia, akaitazama ndani. Nilisikia mtu akicheka kwenye ofisi fulani na taipu ikigonga. "Ni yenyewe?"

"Ni yenyewe, mzee."

Kisha akashika reli akainuka, akaivaa kofia, akaiweka sawa kwa vidole viwili. "Nilikuwa nagombana na mtu simjui," akasema. "Sasa namjua jina. Twende."

Skeni ya mifupa ilifuata, na mifupa ilikuwa safi. Kansa ilikuwa bado haijatoka nje ya ploti, kama mzee alivyopenda kusema. Daktari alipanga tiba ya miale na sindano za kupunguza homoni, na mzee akakubali yote isipokuwa kuacha kukamua. Lakini neno moja la daktari lilimkaa kooni. Aliambiwa kwamba ugonjwa huu hupita kwa damu, na vijana wake, wakifika miaka arobaini na kitu, wapimwe bila kungoja dalili. Gitau, mkubwa, alikuwa na arobaini na minane.

Akawaita Jumapili, baada ya kanisa. Nami aliniita. Wale wadogo wawili walikuja na mavazi ya kanisani. Gitau alikuja kutoka Karen, mwanamume mnene mwenye duka la vifaa vya ujenzi, funguo za gari zikining'inia kidoleni, akanitazama kwenye sofa ya wazazi wake kama mtu aliyekuta fundi kitandani kwake. Mama Gitau aliweka kuku, wali, mukimo, na hakuna aliyeshiba, kwa sababu mzee alianza kabla ya mapaja kugawanywa. Alisema kila kitu. Basi ya Kisumu. Kidole. Kokoto. Bunduki, mara ishirini na sita kwa jumla. Kichungi cha chai. Yule mdogo kabisa alishika kichwa. Gitau akainuka.

"Baba, hayo si ya kutuambia. Tafadhali. Na mbele ya mama. Na mbele ya," akaninyooshea funguo, "mpangaji."

"Mpangaji ameona mgongo wangu na skrini yangu. Wewe umeona nini? Kaa chini."

"Siwezi kukaa nisikie..."

"Basi simama usikie! Ni kansa ya tezi dume. Sio mgongo, sio presha, sio kurogwa. Nimeshika jina yake na mkono yangu, na siogopi kuitaja kwa nyumba nimejenga. Na daktari anasema nyinyi watatu mnaweza kuwa nayo kwa damu, nimewapatia bila kutaka. Kama nimewapatia shamba, nitawaficha hii?"

Gitau alitoka nje. Mama Gitau akanikonyeza nimfuate, nami nikamfuata, nikijiandaa kutukanwa. Nilimkuta kwenye geti, ameegemea gari lake, akitafuta kwenye zile funguo ufunguo uliokuwa tayari mkononi.

"Huyo daktari," akasema bila kunitazama. "Jumamosi anafungua?"

Nilikuwa na mizaha kama sita hivi tayari. Niliimeza yote. "Anafungua. Mpaka saa saba."

"Na wewe Jumamosi huendi kazi?"

"Siendi."

Akafungua mlango wa abiria, akaondoa sampuli za vigae kwenye kiti, akazirusha nyuma, ingawa Jumamosi ilikuwa bado siku sita. "Saa mbili nitakupitia. Na usimwambie baba."

Pazia la sebuleni likavutwa, dirisha likasukumwa, kofia ikatokea.

"Baba amesikia!" Mzee Mbugua akapaza sauti, Uthiru nzima ikamsikia. "Na kwa hiyo gari nakaa mbele!"